Siku Niliyomwomba Mtoto Msamaha

Mwanangu, kuna alasiri moja ya mtaa wa Al Twar, Dubai, inayonijia kila nikisikia mtu akisema mtoto haelewi bila kufinywa. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nimeshafanya kazi za ndani Muscat na Doha, najiona hakuna nyumba nisiyoiweza. Nilikuwa namlea Suji, mtoto wa miaka saba wa familia ya Kikorea.

Siku hiyo alificha daftari la hesabu chini ya kochi, akaniambia amemaliza. Nikamfinya paja, kama mama mdogo alivyonifinya mimi kule Tanga, na kama jirani yeyote alivyoruhusiwa kunifinya.

Hakulia. Akasema, "Dada, hairuhusiwi."

"Nani kasema?"

"Sheria. Korea hata mama haruhusiwi."

"Hapa Dubai, habibti. Yalla, hesabu."

Bibi yake, aliyekuja kuwatembelea, alikuwa jikoni anamenya vitunguu saumu, mlango uko wazi. Akaniita, akanisogezea kiti na kisu. Tukamenya pamoja. Kisha, kwa Kiingereza chake cha taratibu, akanieleza kwamba zamani sheria ya kwao iliwapa wazazi haki ya kumrudi mtoto, na waliopiga mpaka kuumiza walijificha nyuma ya kifungu hicho. Kikafutwa.

"Nilikasirika," akasema. "Niliona serikali imeingia jikoni kwangu. Lakini mama yake Suji nilimchapa sana, na hadi leo hunipa habari zake mambo yakishakwisha. Hata alipopasuliwa, nilijua akiwa amesharudi nyumbani." Akafuta mikono. "Mama yake akirudi leo, mwambie wewe. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

Nilijua naweza kupandishwa ndege wiki hiyo hiyo. Madam, mama yake Suji, alipoingia, hata viatu hajavua, nikamweleza.

"Ni mara ngapi?" akauliza.

Bibi alijua moja tu. Nikasema, "Mbili."

Akavua viatu, akavipanga mlangoni. Kisha akasema nitakaa mwezi mmoja wakiniangalia, nikirudia, khalas, kazi imekwisha. Na nimwombe Suji msamaha mbele ya wote.

Mwanangu, kwetu mimi sijapata kuona mtu mzima akimwomba msamaha mtoto. Nikaketi sakafuni ili tutazamane sawa, nikaomba.

Suji akanitazama. "Na ile ya kwanza je?"

Nikaomba tena. Bibi akageukia ukutani, nadhani alikuwa anacheka.

Mwezi ule haujaisha, Suji alinijia na karatasi ya mtihani aliofeli, mama yake hata hajaiona. Hapo nikaelewa nilikuwa nakaribia kupoteza kitu gani. Nilikaa nyumba ile miaka mitatu, kisha miguu yangu ikaanza kuwasha, nikahama kama kawaida yangu.

Basi wewe uliyefika juzi, unayelea watoto wa watu, au utakayelea wako: usimguse mtoto kwa hasira, awe wa Seoul au wa Tanga. Usingoje uambiwe na sheria. Ukikosea, sema mwenyewe, sema yote, hata lile ambalo hakuna aliyeliona. Na radhi mwombe mtoto mwenyewe, si mama yake peke yake. Usiogope kushuka hadhi. Mimi nilishuka mpaka sakafuni na nikainuka nikiwa naheshimiwa zaidi.

Mungu akulinde ugenini, akutulize mkono unapotaka kukutangulia, na kila mtoto utakayemlea akue bila kukuogopa.