Fagio Juu ya Kisamvu

Mimi ni mtu wa Bukoba, na mtu wa Bukoba haambiwi kitu kuhusu shamba. Imani hiyo nilikuja nayo Mtwara pamoja na godoro na sanduku la bati, nilipohamishiwa ukarani bandarini. Miaka yote niliyokaa mtaa wa Rahaleo kabla ya mambo haya sikuwahi kushika jembe, lakini hilo halikunipunguzia utaalamu.

Mambo yenyewe yalianza wakati vijiji vya ujamaa vimejaa watu na maduka ya Chikongola, hapo mjini, yamebaki na kaunta na wenye duka. Kwenye mkutano wa wafanyakazi tulikubaliana na kijiji kimoja cha njia ya kuelekea mto Ruvuma. Kila nyumba ya mjini ilipewa nyumba moja ya kijijini. Sisi tungetoa jembe, sabuni na chumvi kabla ya mvua, na Jumamosi tungekwenda kulima nao. Wao wangetuletea pakacha moja kila wiki, la chochote kilichokuwepo shambani. Shamba likijaliwa, pakacha linajaa. Likikosa, tunakosa wote. Mwenyekiti alilirudia hilo la kukosa wote mara tatu, na mara zote tatu tulipiga makofi, kwa sababu hakuna aliyedhani linamhusu.

Nyumba yetu ilipangiwa mjane mmoja, mtu mzima, mfupi, asiyependa maneno mengi. Mimi nilimwita Bibi, yeye akaniita Karani.

Wiki ya kwanza pakacha lilikuja na kisamvu. Wiki ya pili, kisamvu. Wiki ya tatu kulikuwa na mabadiliko: kisamvu na boga. Mke wangu, aliyekulia kwenye ndizi kama mimi, alilipokea kila mara kwa adabu, kisha akaniuliza kama huko kijijini hawana habari kwamba chini ya majani hayo huwa kuna muhogo. Muhogo ulipoanza kuja, alilalamika kwamba kisamvu kimepungua.

Jumamosi tulilima shamba la Bibi la kijijini mpaka adhuhuri. Baada ya kuswali alichukua fagio lake la chelewa na kwenda mahameni, mwendo wa saa nzima kwa miguu, nami nilimfuata. Huko ndiko alikokaa kabla watu hawajahamishiwa kijijini. Nyumba yake ilikuwa imebomolewa, na hata matope ya kuta yalishaondoka na mvua. Kilichobaki ni mikorosho minne, ambayo marehemu mumewe aliipanda mmoja kila pembe ya nyumba. Miti haikuhamishika. Kwa hiyo Bibi alijua bado nyumba yake iko wapi, na alikwenda kufagia uwanja wake kila wiki. Alinieleza hayo yote kwa sentensi mbili. Nilitikisa kichwa kwa huruma, huku macho yangu yako kwenye udongo.

Udongo ule ulikuwa uchi. Hakukuwa na jani wala unyasi, kuanzia mti mmoja hadi mwingine na hatua kumi kuzunguka. Kwetu kibanja cha migomba hufunikwa nyasi, na mtu anayeacha udongo wazi husemwa na majirani mpaka ahame au afunike. Nilimwambia Bibi kwamba udongo wake unaunguzwa na jua.

"Halikuanza leo," akasema, akaendelea kufagia.

Mwanzoni mwa kiangazi dada yake aliugua, huko karibu na mdomo wa Ruvuma, ikabidi aende kumuuguza. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Niangalizie miti yangu, Karani."

Mtu mwingine angeiangalia. Mimi niliamua kuisaidia. Jumamosi tatu mfululizo nilifyeka nyasi, nikazibeba kichwani, nikazitandaza chini ya mikorosho yote minne na katikati yake, unene wa godoro. Mikono ilinitoka malengelenge, nami nilimwonyesha mke wangu moja baada ya jingine. Aliuliza kama Bibi ameagiza hayo. Nikamwambia wataalamu hawasubiri kuagizwa.

Wiki iliyofuata watu waliwasha pori kuwinda ndezi, kama wanavyofanya kila kiangazi. Kila mwaka moto huo ulifika kwenye uwanja wa Bibi, ukakosa cha kula, ukapita pembeni. Mwaka ule ulikuta umeandaliwa chakula.

Nilipofika Jumamosi, mikorosho mitatu ilikuwa nguzo nyeusi. Wa nne ulikuwa umebaki upande mmoja. Niliona aibu ambayo sijaipata tena maishani, lakini kabla ya aibu nilifikiri jambo jingine: kwamba ningeweza kusema sikufika huko wiki zile. Nililifikiria hilo njia nzima ya kurudi, na nilikaribia sana kulifanya.

Bibi aliporudi nilikwenda kumwamkia, nikamweleza mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikuambia ufunike?"

"Hakuna, Bibi. Kwetu tunafunika."

"Kwenu kuna mikorosho?"

"Hakuna."

"Ntu akifunika nkorosho, korosho zikianguka anaokota nini?"

Nilikuwa na darasa la kumi na mbili, na swali hilo halikuwemo.

"Zilikuwa pembe nne," akasema. "Pembe moja si nyumba." Kisha akaingia ndani, akafunga mlango. Ulikuwa mchana, na mchana watu wa kule hawafungi mlango.

Nilirudi mjini nikamwambia mke wangu asitegemee pakacha tena. Alisema ni haki kabisa, akaenda kulia chumbani. Mpaka leo sijui kama alimlilia Bibi au alinililia mimi. Lakini Jumamosi pakacha likaja na lori la kijiji kama kawaida. Kisamvu kilijaa mpaka juu, na juu ya kisamvu kulikuwa na fagio jipya la chelewa.

"Na hili nalo limeiva?" mke wangu akauliza.

Nilidandia lori lilipokuwa linarudi kijijini. Bibi alitangulia tu, nami nikamfuata na fagio begani mpaka mahameni. Aliketi chini ya ule mkorosho uliobaki nusu, akanionyesha kwa kidevu pa kuanzia. Nilifagia majivu yote. Nilifagia kuzunguka zile nguzo tatu nyeusi hadi udongo ukawa uchi kama nilivyoukuta siku ya kwanza. Mgongo uliniuma, na sikumwonyesha mtu.

Kisha nikageuka ili nikate katikati kuelekea upande wa pili.

"Karani!" akaita. "Hapo unapita ukutani."

Nikasimama. Mbele yangu palikuwa na udongo mtupu.

"Mlango uko wapi, Bibi?"

Akanyoosha mkono. Nikarudi nyuma, nikazunguka hadi pale aliponionyesha, nikasimama na fagio langu, nikapiga hodi.

"Karibu," akasema. "Vua viatu."