Mama yangu alivyokikalia kiti cha mgombea aliyetaka wageni tuhamishwe

Wakuu, marahaba nyote kabla hamjanisalimia. Kwa umri wangu sidhani kama humu kuna ninayetakiwa kumpa shikamoo, na kama yupo ajitokeze tupeane pole ya magoti.

Ninachoandika nimekiona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Nilichosahau nitasema nimesahau.

Nimekuwa nasoma mvutano wenu kuhusu huyu mgombea urais na sera zake za kodi na wahamiaji. Mmefika mahali pa kutukaniana wazazi. Anayempenda anapenda kila kitu chake, anayemchukia anachukia mpaka viatu vyake.

Nikasema ngoja ninunue bando niwape kisa. Hayo mambo mawili, kodi na wageni, sisi tuliyajadili Geita miaka ya hamsini, kabla baba za wengi wenu hawajazaliwa.

Twende.

Baba yangu alikuwa Mzigua wa Handeni. Alifuata kazi kwenye mgodi wa dhahabu, akashuka kwenye treni Isaka, akadandia lori la mizigo mpaka Geita. Baadaye akamwita mama, na mimi nikiwa mgongoni.

Tulijenga sehemu ambayo leo mnaiita Kalangalala. Enzi hizo yalikuwa mashamba ya pamba na vichaka, siyo hizo nyumba zenu za kupanga na maduka ya simu.

Baba alifariki kwa homa nikiwa msichana mkubwa, wa kuchumbiwa. Tukamzika palepale, nyuma ya shamba letu. Tukabaki mama na mimi. Mama alikaanga vitumbua akawauzia wachimbaji, na tulilima karanga.

Jirani yetu alikuwa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga. Ng'ombe wakafa kwa ugonjwa, akabaki na jembe. Msimu tuliofiwa, mzee huyu alitulimia shamba letu kabla ya kulima la kwake, na hakutaka hata kushukuriwa. Nikisema Mungu amlaze mahali pema sisemi kwa mazoea.

Sasa ukaja uchaguzi wa mjumbe wa baraza la mtemi, yaani chifu wetu.

Mgombea aliyevuma alikuwa Bwana Lugwisha, Msukuma naye. Alipigana vita vya Wazungu huko Burma, akarudi na koti la jeshi ambalo hakulivua hata jua likiwa utosini. Alijua kuongea. Hata ukiwa humpendi ulisimama kumsikiliza.

Sera yake ya kwanza ilikuwa kodi. Kwa wasiojua, kulikuwa na kodi ya kichwa. Kila mwanaume mzima alilipa sawa, mwenye jembe moja na mwenye zizi lililojaa. Ukikosa, unakamatwa unapelekwa kutengeneza barabara.

Shija, mtoto wa kwanza wa Mzee Masanja, alikuwa amechukuliwa hivyo hivyo, mke wake akiwa mjamzito. Lugwisha akasema kodi ifuate ng'ombe. Mwenye wengi atoe zaidi, asiye na kitu apumzishwe. Mzee Masanja aliposikia hilo hakuwa na mgombea mwingine tena duniani.

Sera ya pili ilikuwa sisi.

Lugwisha alisema ardhi inabana, wageni wamezidi. Nyumba ya mgeni isiyo na mwanaume anayelipa kodi irudishwe kwa mwanangwa, yaani mkuu wa eneo chini ya mtemi, apewe mwenyeji. Waliomo warudi kwao.

(Hapa nicheke kidogo. Wenyeji wenyewe wa ardhi ile ni Wazinza. Lugwisha na Mzee Masanja wote walikuja juzi juzi na mifugo yao. Lakini mtu akishavuna mara mbili mahali, anaanza kuona vumbi la mwenzake.)

Kwetu maana yake ilikuwa moja tu. Lugwisha akishinda na neno lake likipita, mama na mimi tunafungasha. Na Handeni hapakuwa na wa kutupokea. Mji wa babu ulishagawanywa, mama akikumbuka majina ya watu wa kule anasita katikati.

Jioni mama na Mzee Masanja walikuwa wakimenya karanga uani kwetu huku wakibishana. Ubishi wenyewe ulinishangaza, maana mama hakumponda Lugwisha moja kwa moja. Alikuwa anasema, "Kwenye kodi huyu mtu ana akili. Kwenye wageni akili kaiacha nyumbani." Mzee Masanja anajibu kwamba mtu humchukui nusu, unambeba mzima. Anamenya karanga, anaona aibu, anainuka anaaga mapema.

Sikumlaumu, wakuu. Mtoto wake alikuwa anavunja mawe barabarani.

Mama Shija, mke wake, yeye alikuja na suluhisho. Mimi niolewe haraka na mlipa kodi yeyote, nyumba ipate mwanaume. Akamtaja kabisa. Mtu wa makamo, ana ng'ombe, na ana kikohozi kilichoanza kabla mimi sijazaliwa. Nikamwambia mama afadhali Handeni.

Na upigaji kura nao ulikuwa hivi: wanaume walipa kodi wanajipanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka, wanahesabiwa. Mwanamke hakuwa na mstari. Hata kwenye mkutano hakusemeshwa, alikuja kuuza vyakula pembeni. Kwa hiyo jambo lililotuhusu kuliko wote lilikuwa linaamuliwa na kila mtu isipokuwa sisi.

Siku ya mkutano mkubwa wa kampeni mama alibeba beseni la vitumbua, mimi nikabeba birika la chai.

Lugwisha akafika na watu wake. Akapita pale tulipokaa, akamwona mama. Na hapa ndipo alipokosea, au alipofanya la maana kuliko yote, mtaamua wenyewe.

Wazigua ni watani wa Wasukuma na Wanyamwezi. Ni utani wa zamani sana, wa enzi za safari za kwenda pwani na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukutukana, anaweza kuchukua kitu chako, na huruhusiwi kununa. Unakomboa kitu chako kwa chochote, mnacheka, mnaachana. Akifa, unakwenda msibani kwake kufanya fujo na kusaidia kazi za mazishi.

Lugwisha alitaka watu wacheke. Akamwuliza mama kwa sauti, "Mzigua, leo vitumbua umeweka sumu gani?" Watu wakacheka. Mama akacheka pia. Akamjibu kwamba sumu haimdhuru mtu aliyeoza tayari. Watu wakacheka zaidi.

Lugwisha akaenda mbele, akakaa kwenye kiti chake karibu na mwanangwa. Alipoitwa kuhutubia akainuka. Akaanza na kodi, akashangiliwa. Akaingia kwenye wageni.

Mama akaninong'oneza nishike beseni. Akajifunga khanga vizuri, akapita katikati ya wanaume mpaka mbele, akakaa kwenye kiti cha Lugwisha.

Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Mwanangwa akamwamuru ainuke. Mgambo akaanza kusogea. Lugwisha akageuka, akamkuta mama ametulia kama yuko kwake. Nadhani alifikiria haraka sana. Yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua utani mbele ya watu wote wale, na kuufunga kwa hasira kungekuwa aibu kubwa kwake.

Akasema, "Mwacheni. Huyu ni mtani wangu."

Akatia mkono mfukoni atoe cha kukombolea kiti. Mama akaukataa mkono.

"Hela kaa nayo, Msukuma wewe. Mimi ni mgeni na nimehamia hapa. Nihamishe."

Watu wakavunjika mbavu. Lugwisha naye akajibu mapigo, akasema atambeba mwenyewe mgongoni mpaka Handeni.

Mama akasema, "Nibebe. Lakini tupitie kwanza kwa mume wangu umfukue, maana siondoki nikamwacha."

Kicheko kikakatika. Alilisema kwa utani, uso unacheka kabisa, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka. Mimi huku nyuma nilikuwa nimeshaliachia birika bila kujijua.

Kabla Lugwisha hajajibu, Mzee Masanja akasimama. Mzee ambaye mkutanoni hasemi kabisa, akavua kofia.

"Lugwisha, kwenye kodi niko nyuma yako, na Shija akirudi nitamweka nyuma yangu. Lakini nikifa nataka nani aje kunitukana? Ukimwondoa Mama Mwanaidi, utaniletea nani?"

Mwanaidi ndiyo mimi.

Watu wakaanza kuguna kukubali. Mmoja akataja mtani wake aliyemchimbia baba kaburi kwenye mwamba. Mwingine akataja mjane mwingine. Lugwisha akawasikiliza wote, na mwisho akatamka kwamba aliyezika hapa ni wa hapa, asiguswe. Akaahidi kwenda kulisema hivyo hivyo barazani. Kisha akamwambia mama aendelee kukaa, akahutubia amesimama mpaka mwisho.

Niwe mkweli, haikuisha vizuri kwa kila mtu. Vijana wachimbaji ambao hawakuwa na kaburi wala mke pale waliuliza na wao je. Ubishi ukaendelea mpaka jua likazama, jibu la kueleweka sikulisikia.

Lugwisha alishinda, mstari wake ulikuwa mrefu. Mzee Masanja alisimama karibu na mbele, kichwa juu. Barazani kodi haikugeuka kama alivyoahidi, maana wenye ng'ombe wengi ndio waliokuwa wamejaa mle. Shija alirudi baada ya kumaliza kazi ya barabara, akamkuta mtoto ameshazaliwa. Lakini la wajane Lugwisha alilisimamia na hakuna aliyekuja kugonga mlango wetu.

Asubuhi baada ya ule mkutano nilimkuta mama nyuma ya nyumba na jembe. Ameshakwenda kwa Mama Shija kuomba vijiti vya mihogo vya kupanda. Misimu yote tangu baba afe tulipanda karanga tu, za kuvunwa haraka. Sikuwahi kumwuliza kwa nini. Mihogo inataka uisubiri mwaka na zaidi.

Nikachukua jembe la pili, tukapanda wote.

Hiyo ndiyo shukrani yangu, wakuu. Namshukuru mama kwa ule ujasiri, sijui aliutoa wapi. Namshukuru Mzee Masanja aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza. Na namshukuru Lugwisha, ndiyo, huyo huyo aliyetaka tuondoke, kwa kuwa alikubali kuchekwa mbele ya watu akabadilisha neno lake. Wakubwa wa namna hiyo sijawaona wengi tangu hapo.

Nilichojifunza ni kwamba Mzee Masanja alikosea pale uani. Mgombea unaweza kumchukua nusu. Mpe kura kwa alilopatia, na kwa alilokosea msimamie mbele ya watu wakati bado anaihitaji hiyo kura. Akishahesabiwa utakuwa umechelewa.

Haya, nyie mnaomshabikia huyu wa sasa, niambieni jambo moja lake msilolikubali. Na mnaompinga, niambieni moja mnalolikubali. Matusi ruhusa kwa Wasukuma na Wanyamwezi tu, wengine hatujafikia huko.

Andikeni kwa herufi kubwa kidogo, miwani yangu ni ya zamani.