Bibi Udongo na Taa za Mlango wa Ng'ambo

Alizaliwa alfajiri ya Diwali, katika nyumba ya mfinyanzi, na mkunga alimkuta mama yake bado ana udongo kwenye kucha. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bibi Udongo tangu yuko kwenye nepi, na jina likamganda hadi kufa. Waumini wanaijua maana ya siku ile. Watu huwasha taa kumkaribisha Rama anaporejea kutoka uhamishoni na mkewe Sita, ili nuru ilishinde giza; husafisha nyumba, hupamba kizingiti kwa maua ya unga wa rangi, ili Lakshmi, mama wa neema, apitapo jioni aone mlango unaomngoja. Mlango wenye giza, wazee walisema, anaupita. Mtoto wa siku kama hiyo alitazamiwa makubwa. Kabla hajajua kujisuka nywele, alikuwa akifinyanga taa ndogo za kuenea kiganjani, zenye mdomo wa kulaza utambi, na baba yake akasema mbele ya wateja, "Mkono wa huyu umebarikiwa." Huo ndio ulikuwa wito wake.

Lakini wanaosimulia sifa zake tupu hutuficha jaribu lake, nalo lilikuwa na miguu miwili na lilinyonya ziwa moja naye: mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa mcheshi, mzuri, mwenye bahati inayokuja bila kuitwa. Bibi Udongo angefinyanga kutwa nzima asisimamishe mtu. Mwenzake akichora ua moja kizingitini, njia inaziba kwa watazamaji. Mdogo akaolewa na fundi cherehani mwenye duka, dada akaolewa na mpakia mizigo, mtu mwema, mchache wa maneno. Nyumba zikatazamana, mlango kwa mlango. Akitoka kumwaga maji, anaona mapazia mapya. Akirudi ndani, vicheko vinamfuata. Sala zake zote alizisali, ila jicho moja liko ng'ambo ya njia. Kijicho kilimkaa kama mwiba wa samaki kooni, hautoki wala haushuki.

Diwali ya kwanza ya ndoa ile, wakwe wote wa mdogo wake walialikwa jioni kuja kuona bibi harusi alivyoupamba mlango.

"Dada, taa zangu nitengenezee wewe. Za kwako zina bahati."

"Nani kakudanganya? Zingekuwa nayo, mimi ningekuwa nakaa upande wako."

Wakacheka wote wawili, mmoja kwa meno tu. Siku ya kuchoma, Bibi Udongo aliziopoa tanurini taa za mdogo wake kabla moto haujazikolea. Kwa nje zilikuwa nyekundu kama zenzake. Ila desturi ni kuziloweka taa mpya asubuhi ya sikukuu, zisije zikanywa mafuta, na udongo ambao haujaiva ukilowekwa hurudi kuwa tope. Mfinyanzi gani asiyejua hilo?

Mchana mdogo wake akavuka njia na beseni la tope, macho yamemvimba. "Dada, nisitiri. Nimeziloweka mno, nimeiharibu kazi yako. Wakwe wako njiani. Usinikasirikie."

Bibi Udongo alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa kuombwa radhi hakujiandaa. Ule utamu alioungoja ukawa shubiri mdomoni. Akazichukua taa zote za mlangoni kwake, zimeshatiwa tambi na mafuta, akazipanga kwa mdogo wake pembezoni mwa maua ya unga, mpaka kwake haikubaki hata moja. Jioni mama mkwe akapiga vigelegele. "Mwanangu, wewe una dada!"

"Msinisifu," akasema Bibi Udongo mbele ya wote. "Taa zake niliziopoa mbichi kwa makusudi. Nilitaka mlango wake uwe giza."

Mdogo wake akamtazama, kisha akasema, "Nenda kwako, dada. Leo siwezi."

Akaenda, akaketi gizani na mumewe. Hapo ndipo waliopita walipoapa kuuona mlango wake unang'aa, na taa hakuna. Wabishi husema ulikuwa mwanga wa ng'ambo tu, umevuka njia. Waumini huwajibu: sawa, kwani muujiza ni nini?

Mdogo mtu alimnunia mwaka mzima, mpaka Diwali iliyofuata alipokuja na taa moja, akaiweka kizingitini kwa dada yake. Tangu hapo, kila mwaka, Bibi Udongo alipeleka taa yake ya kwanza kwenye mlango wa mtu anayemwonea wivu. Milango haikumwishia. Uzeeni, akiwa kitandani, wanawake walimuuliza aliushindaje wivu. "Haujanitoka," akasema. "Hata nyinyi nawaonea. Ninyi Diwali ijayo mtaiona." Akafariki kabla hawajamaliza kucheka.

Mtaa ule bado unafuata desturi yake. Ukipelekewa taa, utaringa wiki nzima. Usipopelekewa, utanuna na kuuliza una kasoro gani. Nawe msomaji, jioni ya Diwali, kabla hujawasha ya kwako, jina la unayemwonea wivu unalijua tayari. Vuka njia.