Nthoki na Ubeti wa Mwisho wa Mzee Nabiswa

Kama uliishi Mowlem, mtaa wa Eastlands, mashariki ya Nairobi, miaka ile ya themanini na hukumjua Nthoki, basi ama ulikuwa kiziwi ama ulikuwa hulali kwako. Mama mfupi wa Kikamba, Mama Kavutha kwa jina la mwanawe, muuza mapazia ya mitumba pale soko la Gikomba, akianza kuita wateja asubuhi hata wenye mikokoteni wanampisha. Lakini wauza mapazia walikuwa tele. Ajabu yake ilikuwa nyumbani, chini ya kitanda. Pale wenzake walipoficha sufuria za wageni, yeye aliweka makatoni ya kaseti, na kaseti zote zilikuwa za mtu mmoja tu, Mzee Nabiswa.

Si zile za dukani zenye picha. Hizo alizidharau. "Ya studio ni chai ya hoteli," alikuwa akisema, "maziwa wameyapima." Zake ni zile walizorekodi wapenzi wa muziki wenyewe, redio kaseti imefichwa ndani ya kikapu au imeviringwa leso, kwenye kumbi za Kaloleni, Jericho na Makadara, mzee akiwa jukwaani. Nabiswa alianza na gitaa kavu kwao Bungoma, akaja mjini akalitia umeme, akaongeza ngoma na besi, lakini hadithi zake zikabaki zilezile za watu wa kawaida. Na wimbo mmoja hakuuimba mara mbili kwa namna moja. Sasa mtu kama huyo utaachaje kumrekodi?

Jumamosi alasiri watu walimletea kaseti azipime. Nthoki alifumba macho, akaweka sikio karibu na spika, na hapo hata mtoto hakuruhusiwa kukohoa. Kisha hukumu. "Huyu alikaa karibu na mlango, nasikia bawaba." "Wewe ulikalia redio yako, usibishe." Iliyompendeza, jirani yake Opiyo, fundi wa redio, aliunganisha mashine mbili kwa waya akamtolea nakala. Isiyompendeza aliirudisha kwa mwenyewe: "Nenda urekodie mahubiri juu yake." Wapo walioondoka wamenuna wiki nzima, lakini Jumamosi iliyofuata haooo, wamerudi.

Mumewe Matheka, karani mpole asiye na maneno mengi, alikaa pembeni na gazeti lake. Wakati mwingine mgeni alimaliza kikombe cha chai bila kujua kuna mwanamume sebuleni.

Tabu ilikuwa kwenye wimbo mmoja, "Nangila Nifungulie". Mwanamume kachelewa, anabisha mlango, anamsihi mkewe amfungulie. Kila ubeti ana kisingizio kipya: mara daraja limevunjika, mara kakutana na mjomba, mara ng'ombe wa mtu kamziba njia. Ukumbi mzima ndio Nangila. Mzee akiimba "Nangila nifungulie", watu wote wanamjibu "Sifungui!" Kadiri visingizio vilivyoendelea ndivyo kelele zilivyopanda, na ubeti wa mwisho ulipofika watu walikuwa wanarukaruka juu ya viti. Mzee aliishia kusema nini? Hakuna aliyejua. Kaseti zote chini ya kile kitanda, hapo mwisho, zilikuwa ni mayowe matupu. Nthoki alikuwa radhi kutoa pazia lake zuri kuliko yote kwa ubeti ule mmoja.

Ndipo habari zikaja kwamba Mzee Nabiswa anarudi Bungoma moja kwa moja. Vidole vimechoka. Atapiga mara moja tu, bugi, ile dansi ya Jumapili mchana, pale Kaloleni, kisha basi.

Nthoki hakulala vizuri. Jumamosi alisimama mbele ya wapenzi wenzake akatoa amri. "Kesho, atakayepiga kelele asiniletee kaseti tena maishani mwake. Tunyamaze, tuupate wimbo mzima. Na mkawaambie wengine." Wakaenda wakaambia wengine. Sikio halilali na njaa, neno likatoka Mowlem likafika Donholm, likapita Gikomba, na kufikia Jumapili hakukuwa na mtu wa Eastlands asiyejua kwamba Mama Kavutha amekataza kelele.

Loo, mtu na akili zake anaweza kujichimbia shimo huku anashangilia jembe.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kwenye kila paja, redio kaseti. Nthoki na Matheka walikaa katikati, yao imewekwa juu ya kiti chake yenyewe, kama mgeni wa heshima. Mzee akaingia na kofia yake, akapiga wimbo wa kwanza. Kimya. Akapiga wa pili, ule wa kuchezwa. Hakuna aliyecheza. Mwishoni watu walipiga makofi kwa ncha za vidole ili mashine zisishtuke. Mzee akatazama viatu vyake, akamtazama mpiga ngoma, akaendelea.

Halafu akaanza "Nangila". Gitaa lilizunguka vizuri sana, Nthoki akahisi nywele zinamsimama. "Nangila nifungulie, mvua inaninyeshea," mzee akaimba, akasogea nyuma kidogo, akangoja.

Hakuna aliyejibu. Kilichosikika ni kaseti zikizunguka.

Akarudia. Akangoja tena. Mama mmoja wa mbele alifungua mdomo, jirani yake akamfinya. Mzee akaacha kupiga, na ngoma nyuma yake ikafifia yenyewe.

"Wanangu," alisema kwenye kipaza sauti, wala hakuwa na hasira, "kama mmenichoka mngeniambia mapema. Ningepanda basi la jana." Akainama, akaanza kuchomoa waya wa gitaa.

Nthoki akaelewa. Mzee anaondoka akidhani Eastlands haimtaki, na aliyemfukuza ni yeye, yeye aliyempenda kuliko wote waliokaa mle. Mwiba wa kujidunga hauna kilio. Akitazama ile redio juu ya kiti, alijua kwamba akifungua mdomo kaseti imekwisha, na nafasi nyingine haipo. Akitazama jukwaani, waya ulikuwa umeshatoka.

Akasimama, akatoa ile sauti ya Gikomba. "Sifungui! Rudi huko ulikotoka!"

Mzee akainua kichwa. Uso wake ulifunguka polepole, akacheka hadi kofia ikaanguka. "Nangila," akasema, "kumbe uko ndani?"

Weee! Waliokuwa kimya walilipuka wote kwa pamoja. Waya ulirudi mahali pake, ngoma ikadunda, na Nthoki akajikuta anasukumwa mbele hadi miguuni pa jukwaa. Mzee akaleta daraja, Nthoki akamwambia angeogelea. Akaleta mjomba, Nthoki akamwambia alale kwa mjomba. Akaleta ng'ombe, ukumbi ukalia mooo. Watu walicheza na redio zao mikononi, za watu wengine zikaanguka na hakuna aliyejali.

Mwisho mzee aliinama pale ukingoni, akamwimbia Nthoki karibu na sikio, maana vinginevyo hata yeye asingesikia. "Basi lala, Nangila, sina kisingizio tena. Nitakaa hapa nje nilinde usingizi wako. Mlango si wangu, wewe ndiye wangu."

Kumbe ndivyo ulivyoisha miaka yote ile! Nthoki machozi yalimtoka huku anacheka. "Ingia, baba," akamwambia, "ugali umepoa." Akapiga vigelegele hadi koo likauma.

Kesho yake jioni nyumba ilijaa. Opiyo alibonyeza kitufe, wote wakainamisha vichwa. Wimbo ulikuwemo, mzima, tangu mvua hadi ng'ombe. Ukafika ubeti wa mwisho. Mzee hakusikika hata neno moja. Sauti ya mwanamume mwingine, iliyo juu kabisa ya mashine, ilikuwa inalia kama ya mtu aliyeshinda mashindano: "Huyo ni bibi yangu! Jameni, mnaona? Huyo ni bibi yangu!"

Watu waligeuka. Matheka alikuwa ameinua gazeti limemfunika uso wote.

"Baba Kavutha ameiharibu kabisa," Opiyo akasema. "Mama Kavutha, hii si ya kurekodia mahubiri?"

Nthoki alitoa kaseti, akachukua makasi yake ya mapazia, na kwa ncha akavunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ambavyo vikishavunjika hakuna mashine inayoweza kurekodi juu yake tena. Kisha akairudisha ndani, akamwambia Opiyo arudishe nyuma kidogo, pale kwa Matheka.