Soksi za Mama zimemuumbua Baba gereji

Jamani, leo soksi za mama yangu zimemuumbua baba mbele ya fundi, huko Kasulu.

Pikapu yetu kuukuu ya dizeli inamaliza kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta, na chini halidondoki hata tone.

Kila Mama akisema, "Baba Neema, huku miguu inalowa," anajibiwa, "Ndoo yako ya dagaa hiyo inavuja."

Leo Mama kamwambia fundi. Fundi kamwomba avue kiatu.

Soksi nyeupe ya kanisani! Madoa ya kijani yaliyogoma kutoka, na mengine mapya, mekundu.

"Mzee, bomba la hita linavujia ndani, miguuni kwa mama. Halafu juu ya kulanti ya kijani ukaongeza nyekundu? Hizo zikichanganyika zinaganda, zinaziba rejeta. Ungeua injini."

Bomba likabadilishwa, rejeta ikasafishwa.

Njia nzima kurudi nyumbani Kibondo, kila tukipanda kilima, Baba anauliza kwa upole:

"Mama Neema, miguu mikavu?"