Lango la Kilimani na Sweta la Mume Wangu

Tarehe tisa Februari mwaka jana nilimpoteza mume wangu. Moyo wake ulisimama akiwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Sweta lake la kijivu halikuwa nyumbani. Lilikuwa mji wa Anoka, huku ughaibuni, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, kwa bibi mmoja Mwitaliano aliyekuwa amemwazima.

Bibi huyo nilimwonea wivu kabla sijamwona. Kila jioni mume wangu alirudi na habari za mji alikozaliwa bibi, mji mdogo juu ya kilima. Mimi nimetoka kutandika vitanda vya hoteli huko Bloomington, mgongo unaniuma, yeye ananisimulia watawala wa zamani wa mji huo, mmoja baada ya mwingine.

"Leo nani yuko madarakani?" nilimuuliza nikimpakulia ugali.

"Wafaransa. Papa wa Roma wamemfukuza."

"Si jana alikuwepo?"

"Atarudi, mke wangu. Kisha atakuja mfalme."

"Basi hamia huko huko, ukawe diwani."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Baada ya mazishi nililifuata sweta. Nilitaka harufu yake tu. Nguo zake nyingine nilikuwa nimezifua zote, kabla sijajua ninafanya nini.

Nilimkuta bibi dirishani, amelivaa. Alinishika mkono akaanza kunieleza lango la mji wao. Juu yake palikuwa na nembo ya jiwe, na kila mtawala aliyeingia aliifuta ya mwenzake kwa tindo, akachongesha yake. Vita vilipokwisha, yeye akiwa mtoto, alisimama pale chini akimtazama fundi anabomoa nembo ya wale mafashisti wa mashati meusi. Vumbi lilimwingia machoni.

"Mumeo aliipenda sana hadithi hiyo," akasema. "Naye akanisimulia mama yake alivyokuwa akiimba akipeta mchele."

Miaka kumi na minne ya ndoa, sikujua kama mama mkwe aliimba. Nilitamani kumvua lile sweta kwa nguvu.

"Bibi, nimefuata sweta."

Alinitazama. "Nasikia baridi, binti yangu."

"Hata mimi."

Akaanza kufungua vifungo. Vilimshinda, nikamsaidia. Nikamfunika blanketi mabegani, nikaaga.

Ndani ya gari, kabla ya kuliwasha, nilijifunika uso kwa sweta. Lilinukia poda ya bibi.