Wavu wa Kubeba Farasi

Saa kumi na mbili asubuhi, Felistus Mwaba anachovya kitambaa katika ndoo ya maji ya Ziwa Mweru na kuanza kulowesha wavu, fundo kwa fundo. Ndani ya wavu huo, chini ya boriti za banda la samaki hapa Kabuta, ananing'inia mtoto wa farasi. Kwato zake zinagusa mchanga kidogo tu. Mguu mmoja wa mbele una plasta nyeupe, na Felistus anahakikisha hailowi.

Mama huyu wa miaka 41 amefuma nyavu kwa miaka kumi na tisa. Hakuwahi kumgusa farasi mpaka wiki iliyopita, huyu wa miezi miwili alipotumbukia katika shimo la nguzo, mfupa ukavunjika. Mwenye farasi, mfanyabiashara François kutoka ng'ambo ya ziwa, alikuwa ameshaazima bunduki ya kumuulia.

Lakini daktari wa mifugo aliyetoka Kasama alisema mfupa utaungika, ila mgonjwa asilemee mguu. Ndipo Felistus akaitwa kufuma wavu wa kumbeba.

Alisimama karibu wakati wa upasuaji, na mshtuko haujamtoka. "Niliona mufupa, mweupe, na mutu anautoboa sawa mbao," anasema, mkono kifuani. "Akaweka chuma, akakaza skrubu. Na farasi iko anapumua."

Kumbe cha kushtua zaidi kilikuwa njiani. Siku ya pili mafundo yalianza kuteleza, farasi akawa anashuka juu ya mguu ule ule. Felistus alipiga yowe, akaingia chini ya tumbo lake na kumzuia kwa mgongo mpaka watu wakafika.

Kosa lilikuwa lake, naye halifichi. Fundo la uzi wa pamba hukaza likilowa, na likikauka hulegea. "Nyavu zangu zote zinakaa mu maji," anasema. "Sikuwaza huu utakaa mu hewa."

Tangu hapo anaulowesha kila mara ukianza kukauka. François amemwambia wazi: "Mama, ule mutoto akianguka tena, ni bunduki tu."

Zimebaki wiki tatu mfupa uungike. Felistus ameshanoa kisu na kukichomeka kwenye boriti.

"Miaka yote naomba kitu kisitoke mu wavu wangu," anasema. "Huu nitaukata mimi mwenyewe, atoke na miguu yake."